Kisima C ni cha Nani?

Katika wilaya nzima ya Trans-Nzoia, sidhani kuna mtu aliyehojiwa zaidi kuliko Ngige wa kijiji cha Kwanza, na hapo nawahesabu hata wezi wa ng'ombe. Ngige mwenyewe hakuwa ameiba hata kifaranga. Kosa lake lilikuwa kwamba boma lake lilipakana na barabara, mbwa wake alikuwa mpole, na yeye hakujua kumwambia mgeni hapana.

Wazazi wake walitoka Nyeri enzi zile wazungu wanafungasha mizigo yao. Walinunua hisa katika kampuni iliyoligawa shamba la mzungu mmoja, wakapata ekari zao, wakafa wakiwa wanazilima. Ngige akarithi shamba, akachimba kisima kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaenda kutafuta mke mpaka Webuye, ambako Rahab alikuwa akiuza viazi sokoni. Rahab alikuwa mfupi, mchapakazi, na mdomo wake haukuwa na breki. Walipata watoto, mtoto wao Kabiru akapata kazi mjini, wakabaki wawili na mahindi yao na ng'ombe wao. Maisha yakaenda.

Ndipo vyuo vikuu vikaanza kuota kama uyoga. Mnaikumbuka ile miaka ya elfu mbili na kidogo? Kila mji ulitaka chuo kikuu. Pale Kitale kulikuwa na kampasi juu ya duka la misumari na mabati, na mhadhiri alilazimika kunyamaza kila fundi alipokuja kukatiwa chuma. Na mwanafunzi wa chuo kikuu lazima afanye utafiti, na utafiti lazima uwe na mkulima wa kuulizwa. Wakaja. Mmoja akamwambia mwenzake, na huyo akamwambia mwingine: pale Kwanza kuna mzee hafukuzi mtu.

"Mzee, katika kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani na jembe lako?"

"Nalimia tu," angejibu Ngige.

"Niandike tatu?"

"Andika tatu, mwanangu."

"Na ni nani hufanya uamuzi katika nyumba hii?"

"Ni mimi," angesema Ngige, na Rahab angecheka jikoni kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mtafiti naye angefuta alichoandika.

Walimwachia kipande cha sabuni na pakiti ya sukari, wengine fulana zenye maneno. Ngige alilimia fulana iliyosema anapinga ukeketaji, nyingine ikisema anaunga mkono chandarua. Walimpima kimo, wakampima mbuzi wake, wakapima udongo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kumwambia alichopata.

Sasa, usifikiri hawa watu walikuwa wakitembea ovyo bila mwenyewe. Ala! Serikali ipo. Pale Bungoma palikuwa na Ofisi ya Kanda ya Vyuo Vikuu, Utafiti na Utamaduni, ambayo ilisimamia upande wa Bungoma na upande wa Kitale vilevile, ingawa mikoa ni miwili tofauti, nani angeuliza? Ilisimamia vyuo ambavyo haijawahi kuingia, utafiti ambao haijawahi kuusoma, na utamaduni ambao iliukumbuka mgeni rasmi akiwa tayari njiani. Mkubwa wake aliitwa Bwana Sikuku, mtu mnene, mcheshi, mwenye suti ya kijivu na ulimi uliochanganya r na l mara mojamoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kugonga muhuri kwenye vibali vya utafiti. Aligonga vizuri. Hata adui zake walikubali hilo.

Kitengo cha utamaduni nacho kilimfikia Ngige. Walikuja na kinasa sauti wakitaka wimbo wa kale wa kupandia mahindi. Ngige alizaliwa katika kanisa la Presibiteri, akabatizwa Presibiteri. Wimbo wa kupandia mahindi angeutoa wapi? Lakini wageni walikuwa wametoka mbali. Basi akachukua utenzi mmoja wa kanisani wa Jumapili, akauimba polepole sana huku amefumba macho. Wakamshukuru mpaka machozi yakawalenga. Nasikia wimbo huo umehifadhiwa mahali.

Tuache mzaha kidogo.

Mwaka wa elfu mbili na tatu alikuja kijana mmoja anayeitwa Kemboi. Huyu hakuwa na maswali ya jembe. Alikuwa akipima maji. Alichota kwenye visima vinne vilivyokaribiana: cha Ngige, cha bibi mmoja mjane aitwaye Nyaruai, cha Nekesa na cha Jerono. Alikuwa kijana mwenye adabu, akavua viatu kabla ya kuingia kwa Rahab. Na Rahab siku hizo tumbo lilikuwa limeanza kumsumbua. Zahanati walimwambia ni vidonda vya tumbo, wakampa vidonge vyeupe na kumkataza maharagwe. Viganja vyake navyo vilikuwa vinakakamaa, vinaota vijipele vigumu kama punje za mtama. Walimwambia hayo ni ya jembe.

"Mwanangu," Rahab akamwambia Kemboi, "ukipata majibu ya haya maji, utatuambia?"

"Lazima, mama. Ni haki yenu."

Ngige akamsindikiza mpaka barabarani akambebea na chupa zake.

Kemboi akaenda, na mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine tena. Rahab akakonda. Kushika mwiko wa ugali kukawa kazi. Ngige alikuwa akimtazama usiku akijikunja, na asubuhi anamchotea maji ya kumezea dawa. Kila akiteremsha ndoo kisimani alijiuliza swali lile lile, na hakuwa na wa kumuuliza. Simu ya Kemboi haikupatikana tena.

Halafu, mwaka wa elfu mbili na sita, chifu akatangaza: Ofisi ya Kanda inaandaa Siku ya Kurudisha Matokeo kwa Jamii, kule Bungoma, na wenye visima wote wameitwa. Rahab alivaa kitambaa chake kipya. Ngige alinyoa ndevu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuhojiwa, kuna mtu alikuwa anataka kumjibu.

Hema zilikuwa mbili, zote za wageni. Jamii ilipewa jua. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe na chupa za maji ya dukani, baridi mpaka zinatoka jasho. Mgeni rasmi alichelewa, kwa hiyo wachezaji wa ngoma waliambiwa wacheze tena, halafu wacheze tena, mpaka yule mpiga ngoma akaketi chini akakataa. Mwishowe akaitwa Daktari Kemboi. Ndiyo, alikuwa daktari sasa, daktari wa vitabu, amevaa joho jekundu katikati ya lile joto. Akasoma.

"Kati ya visima vinne vilivyochunguzwa huko Kwanza, visima A, B na D ni salama. Kisima C kina sumu ya aseniki, iliyotumiwa zamani na wazungu kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, na ambayo imepenya ardhini. Kiwango chake kinapita mno kile kinachokubalika. Maji hayo hayafai kwa binadamu, na kuyachemsha hakusaidii kitu. Anayeyanywa kwa muda mrefu husumbuliwa na tumbo, viganja hukakamaa, na baadaye aweza kupata saratani."

Watu wakapiga makofi. Haki ya Mungu, walipiga makofi! Mshereheshaji akaona hayatoshi, akaomba makofi ya kilo, yale mazito, wakapiga ya kilo. Rahab hakupiga. Alikuwa ameifunga mikono yake akaiweka chini ya leso.

Ngige akasimama bila kupewa nafasi. "Daktari, hicho kisima C ni cha nani?"

Kemboi akamtazama Bwana Sikuku. Bwana Sikuku akainuka akitabasamu, akashika maikrofoni.

"Swali zuri sana, mzee. Lakini kibali cha utafiti kinasema wazi: mtafiti hatataja jina wala boma la aliyehojiwa. Hayo ndiyo maadili. Selikali inakulinda, mzee wangu. Siri yako ni siri yetu."

"Lakini si siri yangu, mheshimiwa! Mimi mwenyewe siijui!"

Watu wakacheka. Bwana Sikuku naye akacheka, akasema wazee wa Kwanza wana ucheshi, kisha akaalika wageni wa meza kuu kwenye chakula.

Ngige akamfuata Kemboi mpaka nyuma ya hema, akamshika joho. "Mwanangu, unanijua. Ulikula kwangu. Niambie tu kwa macho."

Kemboi alikuwa karibu kulia, nimpe haki yake. "Mzee, nikisema wananinyang'anya kibali. Utafiti wangu wote unakufa. Mleteeni Bwana Sikuku ridhaa ya wenye visima wote, kamati ikae."

Kuuliza si ujinga, na kufuata sheria si dhambi. Wale majirani wanne wakaweka sahihi, Nyaruai akaweka dole gumba, wakapeleka Bungoma. Wakaambiwa kamati haijatimia, mwenyekiti yuko semina. Wakarudi tena. Wakaambiwa kamati imekaa, ila ridhaa hutolewa kabla ya utafiti, si baada. Sasa utafiti umefungwa. Kama mzee Ngige ana haja kubwa ya kujua, aombe kibali cha kufanya utafiti wake mwenyewe. Atahitaji shahada moja na msimamizi.

"Ati shahada?" akauliza Nekesa. "Ya kujua maji yangu?"

Wafanye nini sasa? Mto ulikuwa mbali, na kiangazi kile ulikuwa tope la kunywesha ng'ombe. Wakaanza kuchota kwa zamu: leo kwa Jerono, kesho kwa Nekesa, keshokutwa kwa Nyaruai, siku ya nne kwa Ngige, ili sumu, kama ni ya mmoja, waigawane kama majirani wema. Nimeona ujinga mwingi katika dunia hii, lakini huo haukuwa ujinga wao. Halafu wakaanza kutazamana. Jerono akasema maji ya Nekesa yana harufu. Nekesa akaacha kumsalimia Jerono. Watu waliosaidiana kuzaa na kuzika wakawa wanachungulia ndoo ya mwenzao. Ngige hakuwa akila vizuri. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya namna mbili: kwamba kisima kile alichokichimba ndicho kinamuua mkewe, na kwamba akiogopa bure ataacha maji mazuri na kumnywesha ya jirani yenye sumu.

Rahab ndiye aliyekata shauri. Aliwaita wale wanawake watatu, akawaketisha, na kabla hawajaanza kununiana akasema, "Yule kijana anajua. Tumwite anywe."

"Anywe nini?" Nyaruai akauliza.

"Chai. Kila mtu apike kwake, kwa maji ya kisima chake. Amesema mwenyewe kuchemsha hakusaidii. Tumwekee mbele, tumwambie hii ni ya nani. Mgeni hakatai chai ya boma la mtu. Akikataa, amejibu."

Ngige akashtuka. "Na akinywa zote, Mama Kabiru? Tutaitwa wauaji!"

"Sisi tunakunywa kila siku, na hatujasikia serikali ikiitwa muuaji. Kikombe kimoja hakiui, Baba Kabiru. Kingekuwa kinaua nisingekuwa hapa nakujibu."

Kumleta Kemboi hakukuwa kazi. Ngige alipiga simu Bungoma akasema kwa sauti ya huzuni kwamba wazee wanakufa na mila zinakufa nao, na kwamba Kwanza kuna tambiko la mbegu ambalo halijawahi kuonekana na mtafiti yeyote. Bwana Sikuku alikuwa anaandika ripoti ya mwaka na hakuwa na picha hata moja ya utamaduni. Kabla ya wiki kwisha, gari la ofisi likasimama langoni: Sharif dereva, Bwana Sikuku na kamera yake shingoni, na Daktari Kemboi, aliyeletwa kutia uzito wa kitaalamu.

Tambiko lilikwisha upesi. Ngige alizunguka debe la mbegu akiimba ule utenzi wake, safari hii akaongeza na kupiga miayo katikati. Bwana Sikuku alipiga picha mpaka akalala kifudifudi kwenye nyasi.

"Sasa tafadhalini, wageni wetu, chai," akasema Rahab.

Wakaketishwa sebuleni. Mandazi yakaja, mahindi ya kuchemsha yakaja. Sharif alisema amefunga, akabaki nje na gari lake. Nyaruai akaingia na chupa yake ya chai.

"Hii ni ya kwangu," akasema, akamimina vikombe viwili. "Nimepika kwa maji ya kisima changu."

Bwana Sikuku akanywa. Kemboi naye akanywa. Nyaruai akafumba macho, akasema jina la Mungu polepole, akakaa kwenye kigoda.

Akaingia Jerono. "Hii ni yangu. Maji ya kwangu." Wakanywa. Jerono akatoka nje akajifuta macho kwa leso.

Akaingia Nekesa, kifuniko cha chupa kikamponyoka. "Na hii ni ya kwangu."

Kemboi akakishika kikombe. Ngige alikuwa amesimama mlangoni, na namwambia msomaji ukweli, alikuwa anaomba. Alikuwa anaomba kijana akiweke chini. Alimpenda Nekesa, mama wa watoto watano, jirani asiye na neno, na bado alikuwa anaomba. Kemboi akanywa, akamaliza, akachukua andazi.

Rahab akaja wa mwisho. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja; nyumba ilikuwa yake. Akamimina.

"Asante mama," akasema Kemboi bila kuinua macho. "Nimeshiba."

"Hata nusu, mwanangu?"

"Daktari amenikataza chai nyingi."

"Si wewe ndiye daktari?"

Kemboi akakisukuma kikombe mbali. Bwana Sikuku peke yake hakuona kitu, kwa sababu alikuwa anakunywa. Alikunywa nusu kikombe, akalamba midomo.

"Mama, nikuambie kweri? Hii ndiyo tamu kuliko zote. Kama Daktari hataki, lete na yake."

Akanyoosha mkono. Ndipo Kemboi akaruka kama aliyeumwa na siafu, akakipiga kile kikombe kikavingirika mpaka chini ya kabati.

"Mkubwa, usinywe! Ni C! Hii ni C!"

Rahab akaiweka chupa ya chai mezani, taratibu, na kuifunga.

"Kwa huyu hukungoja kamati," akasema.

"Mama..."

"Miaka mitatu, Kemboi. Ulivua viatu mlangoni kwangu. Huyu amekunywa nusu kikombe umeruka. Mimi nimekunywa miaka mitatu tangu uondoke na zile chupa, na hukuinua hata kidole."

Kemboi akainama kuokota kikombe chini ya kabati. Ngige alikuwa hajasogea pale mlangoni. Alijisikia mjinga, na hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa yanavuma, si kwa sababu ya Kemboi tu. Ni yeye aliyekichimba kile kisima. Ni yeye aliyemchotea maji ya kumezea dawa.

Lakini nani angepata nafasi ya kuzungumza? Bwana Sikuku alikuwa amekwisha toka nje, ametia vidole kooni, anatapikia kwenye maua ya Rahab. "Nakufa! Sharif! Sharif, washa gari! Nimepewa sumu! Tumbo langu, jamani!"

"Mheshimiwa, kimoja hakiui," Nyaruai akamwambia, akimpigapiga mgongo kwa huruma ya kweli. "Muulize huyu daktari wako."

Hakumsikiliza. Sharif akaja mbio, wakambeba, Kemboi upande huu na dereva upande ule, wakamlaza kiti cha nyuma. Bwana Sikuku akawa analia kwamba wampeleke hospitali ya Kitale, kwa daktari mkubwa, apimwe damu, apimwe mkojo, apimwe kila kitu leo hii. Kemboi akapanda mbele akafunga mlango. Alimtazama Ngige kupitia kioo, kisha akatazama mbele. Gari likapiga honi langoni, likatimua vumbi kuelekea Kitale. Lilikuwa gari kubwa, la viti tisa.

Rahab alikuwa amesimama uani akilitazama likienda, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Baba Kabiru," akasema, "wamemsahau mgonjwa."

Ngige akaenda kwa Jerono kuazima mkokoteni wa punda.